ATV kujivuta kwenye matuta baada ya kuinua mbele

Umekaza springi za mbele kuinua ATV yako (pikipiki ya matairi manne), na sasa inajivuta upande ikipita kwenye matuta. Alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) peke yake haitaondoa huo mvuto. Tairodi (chuma kinachounganisha usukani na tairi) na mikono ya sasipensheni (vyuma vinavyobeba tairi likipanda na kushuka) vinapanda kwa tao tofauti, ndiyo maana tairi linageuka lenyewe kwenye tuta. Kwanza legeza springi kidogo, ujaribu. Bado? Toa shokapu, funga usukani ukiwa umenyooka, pandisha tairi kwa jeki polepole ukipima umbali kati ya matairi mawili ya mbele, kwenye kingo zake za mbele na za nyuma. Vipimo vikihama, sogeza ncha ya nje ya tairodi kwa washa (pete za chuma) mpaka tairodi ilale sambamba na mikono. Ncha ya koni (iliyochongoka) haipokei washa, usilazimishe! Kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, hakikisha tairodi haigusi rimu. Alaimenti iwe ya mwisho.