Sifa ya mhusika si sababu ya tendo lake

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Dodoma. Tuliulizwa kwa nini mhusika alitenda alivyotenda, nami nikaandika sifa zake tano pamoja na mifano. Mwalimu wetu ameandika pembeni, "Umetaja, hujachambua." Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umeichukua sifa ukaifanya sababu. Ukisema babu fulani alimnyima mjukuu wake mtama kwa kuwa ni mchoyo, umelipa tendo jina tu, maana nikikuuliza umejuaje kuwa ni mchoyo, utajibu kwamba alimnyima mjukuu mtama, nasi tutakuwa tumerudi pale pale.

Tumtazame babu huyo, niliyemtunga kwa ajili ya jibu hili. Ni Septemba, katika kijiji cha Chamwino, mkoani Dodoma. Mjukuu anaomba debe moja la mtama akauze apate nauli ya kurudi shuleni, babu anafunga mlango wa ghala na kusema, "Hakuna." Kurasa mbili mbele, usiku, anampimia jirani mjane kibaba kimoja, akikifuta juu kwa kiganja ili punje zisizidi. Mchoyo gani huyo anayegawa? Uchambuzi huanzia hapo, kwenye jambo linalokataa kukubaliana na jina ulilokwisha kumpa mhusika.

Kisha yachunguze mandhari, ambayo wengi wenu huyapita kama mapambo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mtama uliomo ghalani Septemba ndio utakaoliwa mpaka mavuno mapya, kiasi cha miezi minane. Ukilijua hilo, kiganja kile kinakuonesha mtu anayehesabu siku, na aya yako inaweza kuanza hivi: "Babu anamnyima mjukuu kwa sababu anahofia njaa ya kabla ya mavuno, kama inavyodhihirika anapofuta kibaba."

Istilahi za mhusika bapa (mwenye sifa moja, asiyebadilika) na mhusika duara (mwenye sifa nyingi, anayeweza kutushangaza), zilizoenezwa na mhakiki Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, zina faida yake, ila kumwita babu huyu duara bila kukitaja kile kibaba ni kubandika jina jingine tu.

Angalia pia anayesimulia ni nani. Iwapo msimulizi ni mjukuu mwenyewe, katika nafsi ya kwanza, neno "mchoyo" huenda likawa ni uchungu wa mtoto aliyekosa nauli, na kazi yako itakuwa kueleza nia za watu wawili.