Fundi Ajibu: Skrini Imekataa, Kadi Nayo Inajikokota

SWALI: Kaka fundi, salamu. Mimi hupiga picha na video za harusi, na ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Umoja. Laptopu niliyonunua majuzi ina matundu mawili tu, yote ya USB-C. Nilishuka Luthuli Avenue nikachukua habu, kile kifaa cha kuongeza matundu, ya matundu saba kwa shilingi 1,500. Nikichomeka skrini kwa HDMI, ile kebo ya picha, haionyeshi kitu. Kadi ya kamera ya GB 64 inachukua karibu nusu saa kuhamisha. Mwenye duka anashikilia kwamba habu ni nzima. Je, ninunue ipi?
Mpiga picha, Umoja

JIBU: Dada yangu, huenda mwenye duka hakukudanganya. Kabla hujatoa shilingi nyingine, mulika ubavu wa laptopu kwa tochi ya simu. Kando ya tundu la USB-C mara nyingi pana alama ndogo. Ukiona herufi P ndani ya D, au mchoro wa radi, tundu hilo linatoa picha. Ukiona alama ya USB peke yake, yawezekana linapitisha data na chaji tu, na hapo habu ya kawaida haitawasha skrini hata uinunue kwa bei gani. Kuna laptopu zenye matundu mawili yanayofanana kama mapacha, moja linatoa picha, jingine halitoi. Kwa hiyo leo jioni hamishia habu yako kwenye tundu la pili. Kama hakuna alama yoyote, soma modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, kisha utafute neno DisplayPort, yaani uwezo wa tundu kutoa picha, katika maelezo ya mtengenezaji.

Kuhusu kadi, hiyo nusu saa inanieleza mengi. Tundu la kadi kwenye habu yako bila shaka ni la USB 2.0, kizazi cha zamani cha USB, ambalo kwa kazi halisi hupitisha kama MB 35 hadi 40 kwa sekunde. Piga hesabu ya GB 64, utafika palepale. Kadi nzuri ya UHS-I (daraja la kasi linaloandikwa kwenye kadi) kwenye kisomaji cha USB 3 hukaribia MB 90, yaani dakika 12 hivi. Ukiwa dukani, ulizia kasi ya tundu la kadi lenyewe. Boksi likiandikwa 5Gbps kwa maandishi makubwa, pengine kasi hiyo ni ya tundu moja tu la USB.

HDMI nayo: kama skrini yako ni ya 4K, tafuta habu iliyoandikwa 60Hz, yaani picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. Kwa 30Hz utaona mshale ukirukaruka, na kukata video namna hiyo kunachosha macho.

Sasa naomba unisikilize vizuri kuhusu chaja. Niliwahi kuhamisha video za ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wangu kutoka kwenye kadi kwenda diski ya nje, chaja ikipitia kwenye habu. Stima ikapotea. Laptopu haikuzima, ina betri yake. Lakini habu ilipokosa chaja ilijizima ikajiwasha, kama sekunde moja tu, na diski ikatoka ikarudi. Faili tatu zilibaki nusu. Nilipona kwa sababu sikuwa nimeifuta kadi, na hadi leo siifuti mpaka nimefungua kila faili. Wewe una matundu mawili, kwa hiyo chaja ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, habu ikae upande wa pili, mradi tundu la picha ulipate hapo. Ukilazimika kupitisha chaja kwenye habu, jua kwamba habu hujikatia sehemu yake: chaja ya wati 65 huweza kuifikishia laptopu wati 50 hivi.

Kwa kazi yako matundu saba si lazima. HDMI ya 60Hz, kisomaji cha kadi cha USB 3, USB mbili za kawaida na tundu la chaji vinatosha. Ongeza tundu la kebo ya intaneti ikiwa unawatumia wateja video nzito. Nenda dukani na laptopu, chaja, diski na kadi yenye video za majaribio. Washa skrini yao. Anza kuhamisha faili kubwa, chaja ikipitia kwenye habu, kisha uichomoe katikati, uone kama diski itabaki. Wakikataa ujaribu, ingia duka linalofuata, Luthuli hayakosekani.

SWALI: Kipanya changu kisicho na waya hukwama kila nikichomeka diski kwenye habu. Je, ni virusi?
Mhasibu, South B

JIBU: Si virusi, ndugu. USB 3 ikiwa kazini huvujisha mawimbi katika masafa ya GHz 2.4, na kipanya chako kinazungumza na kipokezi chake katika masafa hayohayo. Intel ililieleza tatizo hili mwaka 2012. Kitoe kipokezi kwenye habu ukichomeke upande mwingine wa laptopu. Kama huna tundu jingine, kiweke kwenye kebo fupi ya kurefushia USB, kikae mbali kidogo na diski.