Muulize Fundi: Maganda ya risasi, tochi ya gesi na gereji iliyofungwa

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nina miaka tisa hapa kaskazini mwa Minnesota. Kazini nimepata rafiki aliyenifundisha kuwinda kulungu, na tangu mwaka juzi najaza mwenyewe risasi zangu za .308 nyumbani, yaani ganda lililokwisha kufyatuliwa nalitia baruti mpya. Maganda niliyoyatumia mara nne au tano yameanza kupasuka shingoni. Rafiki yangu ananiambia niyapitishe kwenye moto wa tochi ya gesi, shaba ilegee. Meza yangu iko gereji, na Novemba kwa baridi hii mlango naufunga. Baruti naihifadhi kwenye sefu la chuma la bunduki, hapo hapo pembeni ya meza, ili watoto wasiifikie. Mtungi wa kuzimia moto ninao. Nataka tu uniambie kama niko salama.
*Mwindaji Mgeni, Bemidji*

Marahaba, kijana wangu. Hapana, hauko salama, na tochi ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo kuliko vyote ulivyovitaja. Mlango uliofungwa, sefu la chuma na hiyo imani yako kwa mtungi, hivyo vitatu ndivyo vilivyonifanya niisome barua yako mara mbili.

Kwanza rafiki yako yuko sahihi. Nililelewa kwenye karakana ya baba yangu mdogo kule Tanga, tukifua sinia na mabirika. Shaba ya njano ukiigonga nyundo inakakamaa. Sauti yake inabadilika, inaanza kulia kama kengele, na ukiendelea kugonga inachanika. Hapo baba mdogo alikuwa akisema, "Ipeleke ikapumzike," maana yake iingie motoni, kisha tunaanza upya. Ganda la risasi ni shaba hiyo hiyo, sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Ukilifyatua shingo inatanuka, ukilirudisha kwenye kalibu inabanwa, na kila safari inakakamaa zaidi. Moto unairudishia ulaini.

Ila sinia tulilegeza lote. Ganda unalegeza shingo na bega tu, pale linapoanza kupanuka chini ya shingo. Kitako lazima kibaki kigumu, kwa sababu ndicho kinachobeba nguvu ya mlipuko karibu na uso wako. Kitako kikilegea, ganda hilo ni la kutupa, hata likiwa linang'aa kama pete ya harusi. Kwa hiyo mtu anayeyamwaga maganda kwenye makaa anajitengenezea ajali ya msimu ujao.

Sasa moto wenyewe.

Nikueleze yaliyonipata mwaka wangu wa pili wa kujaza risasi. Nilikuwa nimezima taa moja ya gereji, kama wengi tunavyofanya, ili niuone ule wekundu hafifu wa shingo unapoanza. Ganda nililitia kwenye soketi ndefu ya spana iliyofungwa kwenye drili ya betri, likizunguka polepole mbele ya tochi. Sekunde sita au saba, nainamisha drili, ganda linadondoka kwenye ndoo. Kazi tamu, ina mdundo wake. Nikamaliza maganda 50, nikafunga gesi, nikaingia ndani kunywa chai. Hata kikombe sijakifikisha nusu, mke wangu akauliza nani anachoma matambara. Ganda moja lilikuwa limegonga ukingo wa ndoo, likaruka, likabingirika gizani mpaka kwenye boksi la matambara niliyokuwa nafutia bunduki, yote yamelowa mafuta ya kusafishia. Hapakuwa na ndimi za moto bado. Palikuwa na moshi na shimo jeusi la ukubwa wa sahani, pembe zake zikila taratibu. Ndoo moja ya maji ikatosha. Ningekuwa nimetoka kwenda dukani, nadhani ningekuta gari la zimamoto limeegeshwa uani.

Shaba yenye nyuzi 300 za Selsiasi huwezi kuitofautisha kwa macho na shaba iliyopoa, tofauti na chuma cha mhunzi kinachokutisha kwa wekundu wake. Ndiyo maana hesabu maganda yanayoingia na yanayotoka. Ukianza na 50, ndoo iwe na 50 kabla hujaondoka. Ndoo iwe ya bati, yenye maji kiasi cha kiganja. Maji hayaiongezei shaba chochote, haibadiliki kama chuma kinavyobadilika kikizamishwa. Kazi yake ni kuua joto papo hapo. Chini ya meza pawe peupe: boksi, gazeti, matambara, kopo la tina ya rangi, vyote vitoke nje ya chumba. Juu ya meza weka bamba la chuma, au matofali. Taa ipunguze kidogo, usiizime. Wengine huacha kabisa kutegemea macho, wanapaka ndani ya shingo rangi ya kupimia joto inayoyeyuka kwenye nyuzi 400 hivi, wanahesabu sekunde za ganda la kwanza, kisha yote yanafuata hesabu hiyo. Ni njia nzuri, na taa inabaki inawaka. Ukiona ganda linawaka rangi ya chungwa umeshapita mbali, na zinki huanza kukutolea moshi usiotaka kuuvuta.

Ukimaliza, kaa. Kanuni za usalama kazini hapa Marekani zinataka baada ya kazi ya kuchomelea awepo mtu wa kuangalia moto kwa angalau nusu saa. Mimi chai siku hizi nainywea gereji.

Mlango. Najua Novemba ya kwenu ilivyo, na siwezi kumwambia mtu wa Kigoma aache wazi mlango wa gereji kirahisi hivyo. Lakini gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikaenda zake. Inatambaa sakafuni kama maji na kutafuta pa kukaa. Angalia kwenye gereji yako kama kuna hita ya maji ya gesi. Nyingi za zamani zina kijimwali kinachowaka chini muda wote, usiku na mchana, na hapo ndipo gesi iliyolala sakafuni itakapokutana na moto ambao hukuuwasha wewe. Halafu tochi yenyewe ndani ya chumba kilichofungwa inakula hewa unayoivuta. Fungua mlango mkubwa, vaa koti la pamba nzito au la ngozi, fanya kazi dakika 20, funga. Nimesema pamba. Yale makoti ya manyoya laini ya plastiki mnayoyapenda huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Na suruali iteremke juu ya buti, isiingizwe ndani, ganda la moto lina tabia ya kutafuta mdomo wa kiatu.

Kwenye baridi kali mtungi mdogo wa gesi huishiwa nguvu, moto unanywea. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima anaupasha mtungi kwa tochi nyingine. Sikusema neno, nilitoka nje kwanza. Ukinywea, ingiza mtungi wa akiba ndani ya nyumba saa chache kabla, au ahirisha. Usiulaze wala kuuinamisha kupita kiasi wakati unawaka, kwa sababu gesi ikiwa bado maji maji huingia kwenye mdomo wa tochi na mwali unaruka ghafla, wa njano, mrefu kama mkono. Kila ukiufunga mtungi upya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, usiwashe.

Tuje kwenye baruti, maana hapa ndipo uliponitisha. Nia yako ya kuwaficha watoto ni njema, lakini sefu zito la chuma lililobana ni mahali pabaya mno pa baruti. Baruti ya siku hizi ikiwaka mahali pa wazi huungua kwa kasi na kwa joto kali, inavuma, inakwisha. Ukiifungia ndani ya chuma kisicho na pa kutolea pumzi, umetengeneza bomu na kuliegesha pembeni ya bunduki zako. Makopo inayouziwa yametengenezwa makusudi yapasuke mapema kwa nguvu ndogo, kwa hiyo iache humo humo, usiihamishie kwenye chupa ya kioo wala bati la biskuti. Kanuni za zimamoto zinazofuatwa sehemu nyingi Marekani zinaruhusu nyumbani hadi ratili 20 za baruti katika makopo yake ya asili, na ukizidisha hapo mpaka 50 zinataka sanduku la mbao yenye unene wa inchi moja. Mbao, siyo chuma. Hata kama una ratili mbili tu, fuata hilo. Seremala yeyote atakutengenezea la kufuli, watoto hawataligusa, na likae chumba kingine mbali na hita na mbali na tochi. Ulizia pia idara ya zimamoto ya mji wako, wengine wanabana zaidi.

Na fataki zikae mbali na baruti. Vijana wa siku hizi nikisema fataki wanacheka, wanawafikiria wale mababa wanaonyemelea watoto wa shule. Wazee wa magobore walikuwa na maana nyingine: kile kijikofia kidogo kinachogongwa na kuwasha baruti. Kabla ganda halijasogea karibu na tochi, fataki iliyotumika iwe imeshang'olewa, na uchungulie tundu la kitako uone mwanga unapita. Tundu ukiliona, hakuna fataki na hakuna baruti, moja kwa moja. Fataki isiyolipuka iliyosahaulika ndani ya ganda, ukiipasha itapasuka usoni mwako. Risasi iliyojazwa haitakiwi iwepo kabisa chumbani, hata moja iliyosahaulika mfukoni.

Mimi nina kalenda ukutani pale gereji. Jumamosi ya moto naiandika M, ya kujaza naiandika B, na katikati lazima zipite siku kadhaa. Hizo siku zinafanya kazi nyingine pia: maganda yanakauka. Ganda lenye tone la maji ndani litakuharibia baruti, na ndipo watu wanaposhawishika kuyaharakisha kwa moto.

Huo mtungi wako wa kuzimia moto ubaki, utakufaa kwa meza, matambara na ukuta. Lakini kama baruti yenyewe imeshika, usisimame kupambana nayo. Moto wa kawaida unauzima kwa kuunyima hewa. Baruti imebeba oksijeni yake ndani, unga wa mtungi hauinyimi kitu. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 911, na kitu cha kwanza kuwaambia zimamoto ni kwamba ndani mna baruti, kiasi gani, na iko upande upi.

Mzee Fundi, shikamoo. Mume wangu naye ana huo ugonjwa wa risasi. Yeye huyaosha maganda jikoni kwenye sinki, kisha anayakausha kwenye oveni yangu, anasema moto mdogo unayalainisha pia. Kuna siku ameyachemsha kwenye sufuria ya ugali. Nina watoto watatu. Nigombe au ninyamaze?
*Mama Watatu, Columbus, Ohio*

Marahaba dada yangu. Gomba. Oveni ya nyumbani inafika nyuzi 250 au 280 hivi, na hapo shingo ya ganda hailegei hata akiyaacha mpaka alfajiri. Kwa hiyo anakausha tu, halainishi kitu. Kinachonisumbua zaidi ni masizi. Fataki nyingi zina risasi, ile madini nzito ya kijivu, na ikilipuka inabaki kama vumbi jeusi ndani ya ganda na kwenye maji ya kuoshea. Risasi hiyo kwa watoto wadogo ni sumu ya ubongo, haina kiwango cha kusema hiki kidogo hakidhuru. Sinki lisuguliwe, oveni ifutwe kwa tambara bichi la kutupa, na ukimpeleka mdogo kliniki waombe wampime damu. Ni kipimo cha kawaida, daktari hatashangaa.

Maganda na yakauke juani kwenye taulo kuukuu, au mbele ya feni huko gereji. Mwambie pia asiyang'arishe kwa dawa yoyote yenye amonia. Zamani India, enzi za jeshi la Waingereza, maganda yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipasuka yenyewe bila mtu kuyagusa. Ilikuja kufahamika baadaye, kwenye miaka ya 1920, kwamba amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa inaila shaba iliyokakamaa. Wanaume hupenda hadithi za jeshi, huenda hii akaisikiliza kuliko ya sinki.

Sufuria ya ugali mpe, iwe yake. Iandikwe GEREJI kwa rangi isiyofutika, na isirudi jikoni hata siku ya wageni.