Mwalimu, Malindi ilikuwa koloni au himaya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu alipofariki aliacha sanduku la mbao, na ndani tumekuta hati ya shamba lake la Mambrui. Juu imeandikwa kwa Kizungu "Koloni na Himaya ya Kenya". Wazee wa barazani wanashikilia kuwa Malindi haikuwa Kenya, ilikuwa ya Sultani. Mjomba anasema huo ni uzushi. Nani mkweli? – Mjukuu, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hiyo hati usiikunje tena. Ya babangu ililiwa pembe na mchwa, na pembe hiyo ndiyo iliyokuwa na sahihi.

Jibu lako limo katika hiyo "na". Kuanzia 1920 gavana mmoja alikuwa na nchi mbili mkononi. Nairobi, Nakuru na bara nzima ilikuwa koloni, yaani ardhi iliyotwaliwa ikawa ya mfalme wa Uingereza. Mwambao ulikuwa himaya: mwenyewe alibaki Sultani wa Unguja, Waingereza wakikodi kwa mkataba wa Desemba 1895, pauni 11,000 kwa mwaka. Ukanda wenyewe ulikuwa maili kumi, kuanzia pale maji yanapokomea yakijaa. Malindi na Mambrui zilikuwa ndani. Ukifika Langobaya umeshatoka.

Wala hayakuwa maneno ya karatasini tu. Mtoto wa Nairobi alizaliwa raia wa Muingereza, wa Malindi alizaliwa raia wa Sultani aliye chini ya ulinzi wa Muingereza. Babangu alikuwa karani wa liwali, mwakilishi wa Sultani, hapa Amu (Lamu), na bendera nyekundu ya Sultani aliipandisha kwa mkono wake kila asubuhi. Akisimulia kwamba msimu wa kusi ilichanika vibaya, wakaishona kwa uzi wa tanga huku wakingoja nyingine kutoka Unguja.

Lakini wazee wako wasijivune sana. Sultani alikuwa mwenye nyumba asiye na funguo. Liwali na mudiri aliye chini yake walikuwapo, kadhi akaamua ndoa na mirathi, ila neno la mwisho lilikuwa la gavana.

Sisi wa Amu tulikuwa na kioja kikubwa zaidi, na hiki watoto wa shule hawafundishwi. Waingereza na Wajerumani walipogawana 1886, ukanda wa Sultani waliukatia Kipini. Kisha wakamwachia visiwa, Amu, Manda na Pate, na miji ya huko juu kama Kisimayu na Mogadishu. Bara iliyotukabili, toka Kipini hadi mwisho wa ghuba ya Manda, ikahesabiwa ya usultani wa Witu, kwa Ahmed Mnabahani aliyeitwa Simba, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameingia chini ya himaya ya Wajerumani. Basi mtu akipanda mashua hapa gatini kwenda Mokowe, akishuka yuko kwa sultani mwingine na mzungu mwingine, na samaki wake hawajaharibika. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza Witu, katika mapatano yaleyale yaliyowapa wao kisiwa cha Heligoland, huko Bahari ya Kaskazini. Mtu wa Witu hakuulizwa.

Uhuru ulipokaribia, wako waliotaka Mwambao ujitenge. Sir James Robertson aliletwa 1961 kuchunguza, akapendekeza ukanda uungane na Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohamed Shamte, wakaandikiana: makadhi wabaki, dini isiguswe, hati za ardhi za watu wa pwani zitambuliwe. Sultani akauachia ukanda, na tarehe 12 Desemba ukawa Kenya. Tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid akapinduliwa. Mwezi mmoja kamili! Huwa najiuliza, wangechelewa kidogo, ile karatasi angeitia sahihi nani?

Kwa hiyo mjomba anakosea na wazee wanatia chumvi. Na hati ipeleke kwa wakili, usiipeleke barazani.

SWALI: Mwalimu, kama tulipata uhuru, kwa nini Kenya bado imo katika Jumuiya ya Madola? Si kuwa chini ya Uingereza huko? – Mwanafunzi, Shela

JIBU: Hapana, mwanangu. Unachanganya mambo mawili. Mwaka wa kwanza wa uhuru Malkia Elizabeth alikuwa bado mkuu wa nchi yetu. Hilo lilikwisha 12 Desemba 1964 Kenya ilipokuwa jamhuri. Madola ni uanachama tu, na haitungi sheria za nchi yoyote. Msumbiji ilitawaliwa na Wareno ikajiunga 1995, Rwanda ilipitia kwa Wajerumani na Wabelgiji ikajiunga 2009. Hao nao utasema wako chini ya Uingereza? Zimbabwe ilijitoa 2003 na hakuna aliyekwenda kuirudisha kwa mtutu. Kama Madola ina faida kwetu, hilo ni swali jingine, na mimi faida niionayo ni michezo. Kipchoge Keino alishinda dhahabu mbili Kingston, Jamaica, 1966.