Jibu: Kwa nini shule za Marekani ziko mikononi mwa wenyeji?

Ndugu, umeuliza kwa nini shule za Marekani haziendeshwi na serikali kuu. Mzizi mmoja uko Massachusetts, enzi hizo koloni la Waingereza. Wapuritani, Wakristo wa Kiprotestanti wenye msimamo mkali waliotoka Uingereza, walitaka kila mtu ajisomee Biblia, hivyo mwaka 1647 wakatunga sheria: mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kusoma na kuandika, ukifikisha 100, ufungue shule ya kuandaa vijana kwa chuo. Mshahara walipe wazazi au wakazi wote, mji uamue wenyewe.

Koloni jingine, Virginia ya mashamba ya tumbaku, lilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1671 gavana William Berkeley alimshukuru Mungu kwamba huko hakuna shule za bure wala uchapaji. Inauma, maana mwaka 1831 Virginia hiyohiyo ilipiga marufuku mikusanyiko ya kuwafundisha Weusi kusoma.