Ukitembea kwenye mbio za barabarani, ukae upande gani?

SWALI: Kocha, mimi na wenzangu wa kazini hapa Mwanza tumejiandikisha tena kutembea kilomita 5. Mara iliyopita tulikwenda sita kwa mstari mmoja tukiwa na bango letu. Kijana wa kilomita 21 akatokea nyuma, akafoka "Pisheni!" na kumpiga mwenzetu kikumbo. Nani alikosea? Na je, ni kweli anayetembea haruhusiwi kukimbia hata kidogo? Wapo pia wanaotaka tupande hadi kilomita 10. – Mama wa Nyegezi

JIBU: Mama, mpeni pole mwenzenu. Mlikosea wote, ila makosa hayalingani. Anayetoka nyuma ndiye anayeona yaliyo mbele yake, kwa hiyo jukumu la kupita salama ni lake, na hakuna muda wa kuwania unaomruhusu mtu kusukuma. Kama alikuwa na namba kifuani, mngeikariri na kumpa msimamizi wa njia aliye karibu.

Sasa upande wenu. Mtu anayetembea kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 5 anakwenda 12 kwa saa. Akiwa mita 10 nyuma yenu, atawafikia ndani ya sekunde tano hivi, na katika sekunde hizo akute watu sita wamefunga njia, na bango juu yake. Atakwenda wapi? Mara nyingi atapanda ukingo wa barabara au aingie upande wenye magari. Nyie tembeeni wawili wawili, mkizidi basi watatu pale njia ilipo pana. Bango mlifungue kabla ya kuanza mpige picha, kisha mlikunje.

Magari yetu hupita kushoto, na kwenye mbio desturi huwa hiyohiyo: wa mwendo wa pole akae kushoto, anayepita apite kulia, isipokuwa wasimamizi wa siku hiyo wamesema vingine. Angalieni zaidi pale njia inapokwenda na kurudi, maana wa 21 wanaorudi watakutana nanyi uso kwa uso wakiwa wamechoka, na mtu aliyechoka hakwepi vizuri. Hapo mstari wa katikati msiuvuke hata kama upande wa pili unaonekana mweupe.

Nawaambia wanariadha wangu waseme "Napita kulia" mapema, kwa sauti ya kawaida. Shida ni kwamba wengi wakisikia neno "kulia" hurukia hukohuko kulia! Ukisikia sauti nyuma, usigeuke. Ukigeuza shingo, mwili nao huhama njia. Endelea kunyooka ulivyo, atapita. Kwa sababu hiyohiyo, ukivaa spika za masikioni, acha sikio moja wazi.

Mahali pa kuanzia ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, ingawa hauna sababu. Mashindano yenye chipu nyuma ya namba hupima muda wako tangu unapokanyaga mkeka wa kuanzia hadi ule wa kumalizia. Ukikaa nyuma kabisa hupotezi kitu. Wa mbele wana hali nyingine, kwa sababu nafasi zao hupangwa kwa atakayefika kwanza. Tokyo mwaka 2025, Alphonce Simbu wetu alitwaa dhahabu ya dunia kwa kumzidi Amanal Petros wa Ujerumani sekunde 0.03, baada ya kilomita 42.195. Mtu wa aina hiyo akianza nyuma ya watembeaji, ameshindwa kabla ya kuanza. Namba zenu nazo mzibandike kifuani, juu ya tisheti, bila kuzikunja.

Kwenye maji, msisimame meza ya kwanza. Nendeni ya mwisho, chukueni, kisha sogeeni pembeni ndipo mnywe. Chupa iliyobaki na maji ikitupwa njiani ni mtego: anayekuja nyuma akiikanyaga, kifundo cha mguu kinapinda. Mkimbiaji anaweza kujitetea kwamba ana haraka. Mtembeaji hana utetezi, aishike chupa yake hadi pipa linalofuata. Mvua ya Mwanza ikinyesha, taka za mitaro huingia Mto Mirongo na kutoka hapo ni ziwani.

Kuhusu kusalimiana, najua mji wetu. Kumwambia mtu "Mwangaluka" huku ukitembea ni jambo jema, ila kusimama katikati ya lami kupeana mikono na kuulizana habari za nyumbani, hapana. Picha na ziwa vilevile: tokeni kwanza nje ya njia. Na yule jamaa wa kuwarekodi juu ya bodaboda abaki nyumbani, moshi wake anauvuta mwingine.

Hilo la kutokimbia linatokana na mchezo wa matembezi ya ushindani. Kule waamuzi huangalia mguu mmoja uwe unagusa ardhi muda wote kwa macho ya kawaida, na goti la mguu unaotangulia linyooke tangu unapokanyaga hadi mwili upite juu yake. Nyie halikuhusuni. Mkitaka kukimbia kidogo kimbieni, ila msianze wala kusimama ghafla. Angalieni nyuma, sogeeni kushoto, ndipo mpunguze.

Mazoezini geuzeni mambo: barabara ikiwa na magari, tembeeni kulia ili myaone yakija. Daladala zikigombea abiria pale Mkuyuni si za kupewa mgongo.

Kilomita 10 kwa mwendo wenu ni saa mbili, bila kusimama. Kabla ya kulipia, waulizeni waandaaji barabara itafunguliwa saa ngapi. Ikifunguliwa mkiwa bado njiani, nyie si washiriki tena machoni pa dereva: pandeni njia ya waenda kwa miguu, vukeni kwenye pundamilia, na kama mwenzenu amechoka, apande gari la waandaaji.