Mama mkwe ananiita mvivu kwa sababu ya pasi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, ninakaa Walukuba hapa Jinja. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mimi ninauza vitenge sokoni na kurudi nyumbani saa moja jioni. Tuna mtoto wa miezi 7. Tangu mama mkwe aje kutoka Kamuli kumwona mjukuu, nyumba imegeuka ya pasi. Anataka kila kitu kipigwe: nepi, vesti, shuka, hata chupi. Nilipomwambia nguo za kushindia nyumbani hazihitaji pasi, alimwambia mwanawe mbele yangu kwamba ameoa mvivu. Mume wangu alinyamaza. Kesho yake akaniletea mashati yake matano ya wiki nzima. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, unakwisha kabla ya mwezi kufika nusu, nami ninalala saa sita usiku. Kamba yangu ni fupi, nguo nyingine ninaanika kwenye nyasi chini ya mwembe. Sasa mtoto ana majipu mawili kiunoni, halali vizuri. Mama mkwe anasema ni kwa sababu sipigi pasi, mimi nasema ni joto. Hivi kupiga pasi nguo za kila siku kuna maana gani? – Mama Mtoto, Walukuba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonishtua umelitaja mwishoni kwa kupita tu: majipu mawili kiunoni mwa mtoto. Tuanze na hilo. Mengine yatangoja.

Mvue nepi mchana, penye mwanga, umtazame vizuri. Vipele vya joto huwa vidogo na vingi, hutapakaa shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja. Jipu ninaloliogopa mimi husimama peke yake, jekundu na gumu, na katikati lina kitundu kidogo kama kimetobolewa kwa sindano. Ukitulia ukitazama, unaweza kuona kitu kikisogea humo. Ukikiona, huyo ni funza wa nzi wa maembe. Usilikamue hata kama mkono unakuwasha. Funza akipasukia ndani, kidonda hupata usaha na mtoto hupata homa. Mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi, kabla ya kwenda sokoni. Watapaka vaselini nzito juu ya kitundu, funza akose hewa apande juu mwenyewe, kisha wambane taratibu pande mbili atoke mzima. Ni kazi ya muda mfupi. Hata ukiona ni joto tu, mpeleke: mtoto wa miezi 7 asiyelala anahitaji kuonwa.

Ninalijua jambo hili kwa sababu lilinipata. Mtoto wangu wa kwanza nilimlea Bombo, na nilikuwa ninatandaza nepi kwenye majani nyuma ya nyumba, kama wewe. Mgongoni mwake yalitoka majipu saba. Nilimkanda kwa maji ya moto siku nne nikidhani ni uchafu wa damu, yeye analia, nami ninalia naye. Aliyenifumbua macho ni jirani, mama mtu mzima, aliyemgeuza mtoto mara moja tu akaniuliza: "Nepi zake unapiga pasi?" Sijasahau swali lile, wala aibu niliyoipata kwamba sikuwahi kuambiwa.

Basi na wewe nikuambie, kwa sababu naona hakuna aliyekuambia. Nzi wa maembe ni mnene, rangi yake manjano iliyochanganyika na kahawia, na anapenda kivuli na unyevu. Jike hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Hataki jua kali. Siku moja hadi tatu mayai yanaanguliwa, na kijifunza kinachotoka ni kidogo mno, kukiona kwa macho ni vigumu. Kinaweza kukaa kwenye nguo karibu wiki mbili bila kula, kikisubiri mwili wenye joto. Mtoto akivishwa, kinatoboa ngozi bila yeye kuhisi kitu, kisha kinakua humo siku nane hadi kumi na mbili, na jipu linakua pamoja nacho. Kwa hiyo nguo iliyomleta yawezekana umeshaifua mara mbili tangu siku ile, nawe huikumbuki tena.

Joto la pasi linaua mayai na vijifunza. Hiyo ndiyo siri ya pasi ya nepi, na ndiyo sababu akina mama wa vijijini hawaiachi hata kama nguo zao wenyewe zimechakaa. Mama mkwe wako ana haki katika hili. Ubaya ni kwamba maarifa mema ameyafunga ndani ya tusi, na tusi likifika kwanza, mtu hasikii kingine. Hukukosea kuumia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wako amekuja na dawa, ila hakuitaja jina. Mwendee leo jioni, mpe chai, mwambie: "Mama, nimejua sababu ya pasi ya nepi. Nifundishe ulivyokuwa unafanya wewe." Hapo umempa heshima yake bila kujiita mvivu. Mwanamke anayeshinda sokoni juani na kulala saa sita si mvivu, na mumeo alipaswa kulisema hilo siku ile. Nitafika kwake.

Lakini haki ya mama mkwe haifiki kila nguo. Pasi ina kazi mbili, na nyumbani kwenu zimechanganywa: moja ni ya ngozi, nyingine ni ya macho.

Ya ngozi usiipunguze hata kidogo. Nepi, vesti, shuka za mtoto, taulo, khanga ya kumbebea, na nguo zenu za ndani, ikiwa vimeanikwa nje. Pasi iwe ya moto kweli, pande zote mbili, na ukazie kwenye mishono na mapindo, maana mayai hujificha huko. Chupi zenye mpira na vitambaa vya nailoni havistahimili moto huo. Hivyo uvianike ndani, kwenye chumba chenye wavu dirishani, vikauke huko. Kama kuna nguo umeishuku na huwezi kuipiga pasi, iweke kando kwenye mfuko zaidi ya wiki mbili kabla ya kuivaa. Na zile nyasi chini ya mwembe, mwanangu, ziache leo hii. Nunua kamba ndefu, ifunge juu, mahali jua linapopiga tangu asubuhi, na uanue mapema kabla ya kivuli cha jioni. Hiyo kamba itakupunguzia shida kuliko pasi yoyote.

Ya macho ndiyo ninayokuruhusu kuipunguza. Tisheti ya kushindia, gauni la kupikia, suruali ya jinzi, mapazia: havina haja, ikiwa vimekauka juani na havigusi ngozi ya mtoto. Pamba hukunjamana kwa sababu nyuzi zake zikilowa hulegea, na zikikauka hushika umbo lile lile zilizokuwa nalo. Ukikung'uta nguo kwa nguvu kabla ya kuianika, ukaivuta mishono inyooke, kisha ukaikunja mara tu inapokauka, nusu ya kazi ya pasi imekwisha. Vile vitenge unavyouza unavijua kuliko mimi.

Sasa mashati matano. Mumeo ana haki ya kusimama mbele ya wanafunzi akiwa nadhifu. Darasa la Uganda linamtazama mwalimu kola kabla ya kusikiliza somo, nami ninaheshimu hilo. Lakini wengi wa wanaume wetu waliosoma shule za bweni walifua na kupiga pasi sare zao wenyewe tangu wakiwa na miaka kumi na mitatu. Kama naye alisoma hivyo, mkono unakumbuka. Shati linaloonekana kazini lipigwe na anayelivaa. Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya mama yake, na mwambie kwa maneno haya haya: "Mimi ninachukua nguo zinazolinda ngozi ya mtoto, wewe chukua mashati yako." Akikataa, muulize ni saa ngapi wewe utalala. Subiri jibu. Usimjibie.

Kuhusu Yaka, pasi nyingi za umeme zinakula wati 1,000 hadi 2,000. Pasi ya wati 1,200 inapokuwa inachota moto inavuta umeme wa balbu za wati 9 zaidi ya mia moja na thelathini kwa pamoja. Kinachokumalizia uniti ni kuiwasha kila usiku kwa nguo mbili tatu, maana kila mara unalipia kuipasha upya. Chagua siku mbili za wiki. Anza na vitambaa vinavyotaka moto mdogo, upande hadi pamba, na nepi ziwe katikati ya moto mkali. Ukizima, joto linalobaki litumie kwa leso na foronya zenu. Nepi usiziachie joto linalopoa.

Mama mkwe akipendekeza pasi ya mkaa, ikubali siku umeme umekatika. Ifute chini kwa jani bichi la mgomba isiache masizi. Lakini iwashwe na kutumika barazani. Moshi unaouona si hatari kubwa kuliko hewa ya sumu ya mkaa usiyoinusa, na mtoto mgongoni humdhuru upesi kuliko wewe. Usimbebe ukiwa na pasi yoyote mkononi. Bibi yake yupo, amshike, na mwanga ukiwa mzuri amtazame kiuno pamoja nawe. Macho yake yameshaona majipu ya namna hii, na asubuhi mnaweza kwenda kituoni wote watatu.

Niandikie tena mkishatoka huko, unieleze walichokiona.